Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kulisha watoto ugenini

Wazazi waliohamia nchi nyingine wanauliza haya maswali kila siku, kwenye magrupu ya WhatsApp, kliniki, hata pale getini shuleni wakisubiri watoto watoke. Msimamo wangu nautaja mapema ili usome ukiujua: chakula mlichokuja nacho sio ugonjwa wa kutibiwa. Kinachoharibu ulaji wa mtoto ugenini mara nyingi ni muda, hela, upweke wa mzazi na aibu, na hivyo ndo vya kupambana navyo.

Nimzoeshe chakula cha huku haraka haraka ili asije akapata shida?

Haraka ya nini? Cha huku atakizoea tu, shuleni kipo, kwa marafiki kipo, kwenye matangazo kipo, hahitaji msaada wako kabisa. Kinachohitaji msaada ni cha kwenu, manake hicho usipompa wewe hamna mwingine wa kumpa.

Na kuna ushahidi wa kutufikirisha. Kuanzia mwaka 1965 watafiti waliwalinganisha wanaume wa asili ya Kijapani waliokuwa wanaishi Japani, Hawaii na California, wakakuta ugonjwa wa moyo uko chini Japani, Hawaii unapanda, California ndo uko juu zaidi, na hao ni watu wa asili moja. Mwaka 1976 Michael Marmot na Leonard Syme wakawachambua wale wa California peke yao, wakaona walioendelea kuishi Kijapani zaidi, na jamii yao na desturi zao, kiwango chao cha ugonjwa kilikuwa karibu na cha Japani kwenyewe, na tofauti hiyo haikuelezeka kwa chakula peke yake. Ni utafiti wa watu wazima, sawa, ila mimi naona unatuambia kitu kuhusu kutupa kila kitu mlangoni siku ya kufika.

Hii haina maana kila cha kwenu ni kizuri. Kama nyumbani mlikuwa mnazidisha chumvi au mafuta basi hapo pa kurekebisha, hata msingehama.

Alikuwa anakula vizuri, tangu tumehama anagoma. Nifanyeje?

Kwanza angalia umri. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi duniani wanaogopa chakula kigeni, ni hatua ya ukuaji, na ukichanganya na kuhama nyumba, kuachana na bibi, baridi, lugha ambayo haelewi, usishangae akishikilia vitu viwili vitatu tu anavyovijua. Hicho ndo kitu kimoja anachoweza kukiamua yeye kwenye maisha ambayo yote yameamuliwa na wakubwa.

Kinachosaidia ni ratiba. Milo mitatu na vitafunwa kati kati, saa zile zile kila siku, na kwenye kila mlo kuwe na kitu kimoja anachokijua ambacho ana uhakika atakila. Kile kipya kiweke pembeni kidogo sana, kijiko kimoja, bila hotuba. Watafiti wa ulaji wa watoto wanasema mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa kitu mara 8 mpaka 15 kabla hajakikubali, na wazazi wengi tunakata tamaa kwenye ya tatu au ya nne tunasema huyu hapendi. Hapendi bado. Na kuangalia, kushika, kunusa, kulamba akatema, vyote hivyo ni hatua, usimgombeze akitema.

Mtoto anaona aibu na chakula cha nyumbani, shuleni wenzake wanasema kinanuka. Nimpe tu chakula kama chao?

Hili swali linaniuma kuliko yote humu, manake mtoto anayeambiwa chakula chake kinanuka anasikia kwamba nyumbani kwao kunanuka, mama yake ananuka, na yeye mwenyewe ananuka. Usilichukulie kama utoto.

Usianze na suluhisho, anza kumsikiliza. Nani alisema, alisema nini, wewe ulijisikiaje, mwalimu alikuwepo? Afu usimwambie "wapuuze", kwa sababu mtoto wa miaka saba hawezi kupuuza meza nzima ya watoto wenzake. Ongea na mwalimu siku hiyo hiyo kama unaweza, kwa utulivu, mwambie kilichosemwa neno kwa neno. Kucheka chakula cha mtu ni uonevu kama uonevu mwingine wowote na mwalimu makini atalishughulikia, wengine huwa hata hawajui linatokea manake wakati wa chakula wao hawapo pale.

Sasa kwenye lanchi boksi yenyewe, mimi siamini kwamba mtoto awe mwanaharakati wa utamaduni saa ya chakula cha mchana. Akiomba mkate shuleni mpe mkate, na jioni mezani mle chakula chenu bila kinyongo. Wengine wanachanganya, chakula cha nyumbani kikavu kisicho na mchuzi na harufu kali, kimekatwa vipande vya kushika kwa mkono, pembeni tunda. Muulize yeye anataka kipi, mpe machaguo mawili sio kumi. Wapo watoto wanaotaka kabisa kubeba cha kwao na wanajivunia, huyo naye usimnyime kwa sababu wewe unaogopa watamcheka.

Kitu kimoja tu nakuomba usikifanye: usimkubalie kwa kukiponda chakula chako mwenyewe. Ukisema "ni kweli hiki sio cha kupeleka shule" amekusikia, na hatasahau. Mwambie shuleni utakula hivi kwa sababu ni rahisi kula haraka, na nyumbani tunakula hivi kwa sababu ni chetu na ni kitamu. Yote mawili ni kweli.

Sisi tumelelewa kumaliza sahani. Huku wanasema usimlazimishe mtoto. Nani yuko sahihi?

Naelewa huu mgongano, na naelewa ulikotoka. Aliyekua anajua njaa ni nini, au wazazi wake walijua njaa, kumwachia mtoto chakula kwenye sahani anaona kama dhambi, na kumshibisha mtoto ndo namna yetu ya kusema nakupenda. Siwezi kumcheka mtu kwa hilo hata siku moja.

Lakini kwa hili la kulazimisha nakwambia wazi, acha. Mtoto mwenye afya anazaliwa na uwezo wa kusikia njaa na shibe, na ukimshindilia kila siku unamfundisha asiusikilize mwili wake. Tena anayelazimishwa chakula fulani mara nyingi ndo anakichukia zaidi. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aliuweka utaratibu ambao leo unafundishwa sehemu nyingi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na ale kiasi gani. Mimi naupenda kwa sababu haumwachii mtoto usukani wote kama watu wanavyodhani. Haumpikii kila mtu chakula chake, hauachi friji wazi siku nzima, menyu ni yako. Ila ukishaweka mezani kazi yako imeisha, ya kwake inaanza.

Na suala la kutupa chakula linatatulika kwa kupakua kidogo, akitaka aongezewe. Adabu nayo haijafa, mtoto anaweza kukaa mezani na wenzake mpaka wamalize, akasema asante, bila kumaliza sahani.

Kliniki wanasema mtoto yuko chini kwenye chati ya ukuaji. Hizo chati si zimetengenezwa kwa watoto wao?

Wengi wanaamini hivyo, na sio sahihi kwa chati za Shirika la Afya Duniani. Viwango vile vilitolewa mwaka 2006 baada ya utafiti wa mwaka 1997 mpaka 2003 uliofuatilia watoto wapatao 8,500 kutoka Brazil, Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Walichagua watoto wanaonyonyeshwa, wanaoishi mazingira mazuri na mama zao hawavuti sigara, na kilichoonekana ni kwamba chini ya miaka mitano, wakipata mahitaji, watoto wa sehemu hizo zote wanakua karibu sawa. Nchi nyingine zina chati zao wenyewe kwahiyo uliza wanatumia ipi.

Muhimu zaidi ni kuangalia mstari, sio nukta moja. Mtoto mdogo anayekua sambamba na mstari wake mwezi hadi mwezi kwa kawaida yuko vizuri. Anayeporomoka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine huyo ndo wa kuchunguzwa. Na upande wa pili pia upo: kwetu mtoto mnene tunamsifia, nesi akisema uzito umezidi usichukulie kama tusi.

Nesi anasema hivi, bibi kwenye simu anasema vile kuhusu mtoto mchanga. Nimsikilize nani?

Kwenye mengi wote wawili wana akili. Kunyonyesha, kumbeba mtoto, kula pamoja na familia, hapo bibi yuko mbele ya vitabu. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake walichapisha utafiti ambapo kina mama walikunywa juisi ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha, na watoto wao walipoanza kula walikipokea vizuri zaidi chakula chenye ladha ya karoti. Yani ladha za jikoni kwako zinamfikia mtoto kabla hajaonja kijiko cha kwanza, kwahiyo mama anayenyonyesha kula viungo vyake vya nyumbani ni kitu kizuri.

Ila kuna mambo machache ambayo usiyaachie mjadala wa familia. Miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama peke yake yanatosha, hata maji hayahitajiki. Miezi 6 ikifika chakula kianze, manake akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua, na uji mwepesi peke yake hautoshi, weka nyama iliyosagwa, yai, maharage yaliyopondwa. Kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 na zaidi mkitaka. Asali hapana kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata ya kupaka mdomoni, inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli, na utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kupambana navyo. Na kama unatumia maziwa ya kopo, usiongeze maji kuliko ilivyoandikwa ili yadumu, najua ni ghali na najua watu wanafanya hivyo, lakini mtoto anakosa lishe na maji mengi yanaweza kumletea degedege. Bora uombe msaada wa maziwa kliniki, omba bila aibu.

Vitamini D wanayonipa ni ya nini? Nyumbani hatukuwahi kutumia.

Nyumbani mlikuwa na jua. Mwili unatengeneza vitamini D kwenye ngozi kwa mwanga wa jua, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza kiasi kile kile, sasa ukihamia nchi ya kaskazini ambayo miezi ya baridi jua ni hafifu na mtoto amevalishwa mpaka kichwani, hamna kitu. Miaka ya 1960 na 1970 mji wa Glasgow, Uskoti, ulikuwa na watoto wengi wa familia zilizohamia kutoka Asia Kusini wenye matege, na ukafika wakati matone ya vitamini D yakaanza kugawiwa bure. Nchi nyingi sasa zinashauri mikrogramu 10 hivi kwa siku, ambayo kwenye chupa inaandikwa IU 400, kwa mtoto mchanga anayenyonya. Mpe, ni kitu kidogo kinachozuia ulemavu.

Karanga na mayai nichelewesheje ili asipate aleji?

Usicheleweshe. Ushauri wa zamani ulikuwa kusubiri, na ukageuka baada ya utafiti uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015, ambapo watoto waliokuwa hatarini kupata aleji walianzishiwa karanga mapema, kati ya miezi 4 na 11, na walipofika miaka 5 aleji ya karanga ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 80 ukilinganisha na waliokatazwa. Akishaanza kula, mpe laini, iliyosagwa na kuchanganywa kwenye uji, kidogo. Karanga nzima chini ya miaka 5 hapana, zinakaba. Kama ana pumu kali ya ngozi au ameshawahi kuvimba na yai, muone daktari kwanza.

Shule wanasisitiza maziwa na mtoto wangu tumbo linamuuma.

Karibu theluthi mbili ya watu duniani uwezo wa kusaga laktosi, yani sukari ya kwenye maziwa, unapungua baada ya utoto, kwahiyo sio kasoro ya familia yenu. Mtindi na maziwa ya mgando mara nyingi yanakubali hata pale maziwa ya kawaida yanapokataa. Peleka barua shuleni. Na hata anayeyapenda maziwa usimwachie siku nzima na chupa, baada ya mwaka mmoja nusu lita hivi kwa siku inatosha, yakizidi yanamjaza tumbo anakosa chakula chenye madini ya chuma na damu inapungua.

Dini yetu ina vyakula haturuhusiwi. Shule nitaiambiaje?

Kwa maandishi, siku ya kwanza ya muhula, na kwa orodha iliyo wazi: hiki hali, hiki hali, hiki anakula. Ukisema tu dini yetu hairuhusu, mpishi atakisia. Taja jelatini kwa jina, manake inatengenezwa kutoka kwa wanyama, nguruwe akiwemo, na inajificha kwenye pipi laini na baadhi ya mtindi. Afu mfundishe mtoto sentensi moja ya kukataa kwa heshima kwa lugha ya huko, aizoee nyumbani, asije akajikuta kwenye sherehe ya mwenzake hana neno la kusema.

Soda, juisi na vitu vitamu viko kila mahali huku, na bei rahisi. Nizuie kabisa?

Chini ya miaka 2 zuia vinywaji vya sukari kabisa, Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo. Kwa wakubwa kidogo, shirika hilo hilo tangu mwaka 2015 linataka sukari ya kuongezwa, na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya 5 ni bora zaidi. Chupa moja ya soda inaweza kuimaliza hiyo kwa mtoto.

Lakini kufungia kabatini huku anaiona kila siku kunaleta kinyume. Mwaka 1999 Jennifer Fisher na Leann Birch walionyesha kwamba watoto wakizuiwa kitu kilichopo mbele ya macho yao wanakitamani na kukizungumzia zaidi. Kwahiyo nyumbani usinunue, kisiwepo, kwenye sherehe muache ale bila kumkodolea macho. Na tuseme ukweli, wazazi wengi ugenini wanamnunulia mtoto vitu vitamu kwa sababu vingine vyote alivyoviomba wameshindwa, hivi ndo wanavyoviweza. Ni upendo huo. Tafuta namna nyingine ya kuuonyesha, mpeleke bustanini, mruhusu akoroge sufuria, vitu vya bure vipo.

Natoka kazini usiku na viungo vya kwetu ni ghali. Nitapika nini?

Hapa ndo penyewe. Familia nyingi haziachi chakula chao kwa kukichoka, wanakiacha kwa sababu kilikuwa kinapikwa na watu wanne na sasa yuko mmoja aliyechoka. Pika sufuria kubwa siku ya mapumziko, gawa kwenye vyombo, gandisha. Mboga zilizogandishwa zina virutubisho karibu sawa na mbichi na haziozi, maharage ya kopo suuza upunguze chumvi. Nunua mboga na nafaka za bei rahisi za huko huko, hela ya vitu vya kwenu weka kwenye viungo tu, manake kinachomfanya mtoto aseme hiki cha kwetu ni ile harufu na mchuzi, majani yenyewe yanaweza kuwa ya aina nyingine kabisa.

Tahadhari moja: viungo vya unga visivyo na lebo vyenye rangi kali kupita kiasi, na vyungu vya zamani vilivyopakwa rangi ya kung'aa, vingine vimekutwa na madini ya risasi (lead), na madini hayo yanaharibu ubongo wa mtoto. Nunua viungo vizima usage mwenyewe ukiweza.

Mtoto ndo anajua lugha, yeye ndo anasoma lebo na kuongea dukani. Ni mbaya?

Akusaidie, sawa, lakini asiwe ndo bosi wa jiko. Mtoto wa miaka tisa akishakuwa msomaji wa kila kitu, atakusomea anachotaka kula. Jifunze maneno machache tu ya lebo: sukari, chumvi, nguruwe, maziwa, karanga, tarehe ya mwisho, na programu ya simu inayosoma picha itakusaidia mengine. Kliniki omba mkalimani mtu mzima, ni vibaya mtoto kutafsiri habari za uzito wake mwenyewe au za damu ya mdogo wake.

Mimi na mwenzangu hatukubaliani, mmoja anataka cha kwetu tu.

Msibishane mezani, mtoto anajifunza kwamba chakula ni ugomvi. Kubalianeni siku ambazo hamna njaa, pengine jioni iwe ya kwenu na asubuhi iwe ya huku, halafu wote mle kilichopikwa. Baba akila kitu tofauti na watoto kila siku ujue hamna somo lingine litakaloingia.

Lini niache kusubiri nimpeleke kwa daktari?

Akipungua uzito au mstari wake ukishuka. Akikohoa, kupaliwa au kulia kwa maumivu anapomeza. Akitapika mara kwa mara, akiwa amepauka na mchovu, akila udongo au barafu (hiyo mara nyingi ni upungufu wa madini ya chuma). Orodha ya anachokula ikizidi kupungua badala ya kuongezeka, au akikataa aina nzima ya vyakula kwa sababu ya ulaini au ukavu wake. Akivimba midomo au kupumua kwa shida baada ya kula, hapo sio miadi, ni dharura, piga simu sasa hivi.

Kabla hujaenda, andika kila alichokula na kunywa kwa siku tatu, pamoja na maziwa na juisi, na upige picha sahani zake. Daktari anaweza asivijue vyakula vyenu, mwambie kimetengenezwa na nini na kimepikwaje, na akikupa karatasi yenye vyakula usivyovijua mwombe mpitie pamoja, mstari kwa mstari, umtajie chenu kinachoweza kukaa hapo.